Kuutafuta ukoo: uanze kwa bibi au kwa daftari la ubatizo?

Anza kwa wazee, tena wiki hii. Daftari litakusubiri, bibi huenda asikusubiri.

Bibi wa Songea hatakupa tarehe. Atakuambia baba yake alizaliwa "wakati wa Maji Maji", nawe utajua ni kati ya 1905 na 1907. Lakini atakupa yasiyoandikwa popote: mtoto aliyefariki mchanga, sababu ya babu kuhama, kaburi lililo chini ya mwembe. Usimhoji kama karani. Kaa naye akichambua mchicha, mwombe ruhusa umrekodi kwa simu, na kwa kila jina uulize: alirithi la nani? Majina ya kurithi ndiyo yanayokupandisha kizazi kimoja juu.

Daftari la parokia lina tarehe, majina ya wazazi na ya msimamizi. Kwa tarehe naliamini kuliko kumbukumbu ya mtu. Ila linamjua aliyebatizwa tu, na mara nyingi kwa jina la ubatizo: limeandikwa Yohana, kumbe nyumbani hakuna aliyemwita hivyo. Bila bibi, utampita ukurasani usimtambue.