Garchomp: papa wa nchi kavu, bado ana nafasi kikosini?

Haya, karibuni tena. Leo tunaye Garchomp mezani, mmoja wa wanyama wa kupambana wa michezo ya video ya Pokémon, na najua kuna mtu hapo ulipo ameshampa kumi juu ya kumi hata sijamaliza salamu. Tulia kwanza. Wahenga walishasema, avumaye baharini papa, kumbe wengine wapo. Na huyu ni papa kweli, ila wa nchi kavu: wa aina mbili, Joka na Ardhi kwa pamoja, mwenye mapezi mikononi, anayevuma tangu Pokémon Diamond na Pearl zitoke Japani mwaka 2006. Kama ulicheza zile, hukumsahau yule wa Cynthia, bingwa unayekutana naye mwishoni mwa mchezo. Mimi kikosi kizima kilifagiliwa na mnyama mmoja, nikaizima mashine nikaenda kulala.

Lakini Cynthia ni kompyuta. Hapa tunazungumzia kupambana na binadamu mwenye akili zake, anayejua unachokitaka kabla hujabonyeza.

Tuanze na namba. Uhai 108, shambulizi 130, ulinzi 95, shambulizi maalumu 80, ulinzi maalumu 85, spidi 102. Jumla 600. Wapo wengi wenye jumla hiyo hiyo, kwa hiyo jumla isikudanganye. Angalia zilivyogawanywa. Hakuna namba iliyotupwa. Hata ile 80 ya shambulizi maalumu inatosha kumchoma kwa Fire Blast, pigo la Moto, mtu wa aina ya Chuma aliyejipumzisha mbele yako akidhani yuko salama.

Sasa hiyo 102. Nataka tukae hapo kidogo, maana ndiyo roho ya Garchomp. Waundaji wa michezo hii wanapenda sana namba 100. Salamence ana spidi 100, Charizard 100, Zapdos 100, Volcarona 100, Jirachi 100, Mew 100. Msururu mzima umesimama mlango mmoja, halafu huyu bwana akapewa pointi mbili za ziada. Ukimfikisha kiwango cha 100, ukampa EV (pointi za mazoezi) zote 252 za spidi na tabia ya Jolly inayoongeza spidi, anafika 333. Wale wa 100 wakifanyiwa hivyo hivyo wanaishia 328. Tofauti ya pointi tano, na kwenye mchezo huu tano ni sawa na mia: anayetangulia anapiga, anayefuata anaweza asipate zamu kabisa.

Zamani hizo zilitosha kumfanya mfalme. Kizazi cha 4 cha michezo hii, kile cha Diamond na Pearl, pigo la Joka la Outrage lilipandishwa nguvu kutoka 90 hadi 120, na aina pekee iliyostahimili Joka ilikuwa Chuma. Yeye naye ana Earthquake, pigo la Ardhi, ya kuvunja Chuma. Ukitaka kumzuia vizuri ulihitaji mtu wa Chuma ambaye Ardhi haimgusi, yaani Skarmory au Bronzong mwenye Levitate, uwezo wa kuelea, basi. Juu yake akaongezewa uwezo wa Sand Veil: dhoruba ya mchanga ikivuma, pigo ambalo kwa kawaida halikosi linamkosa mara moja katika tano. Umepanga vizuri, umetabiri vizuri, umempiga na Barafu, halafu skrini inakwambia umekosa. Watu wa Smogon, jumuiya ya wachezaji inayojipangia sheria za mapambano, walimwondoa kwenye mapambano ya kawaida mwaka 2008, na mimi siwalaumu hata kidogo.

Basi, sifa za kale zimekwisha. Tuje kwenye kidonda.

Barafu. Joka anaogopa Barafu, Ardhi anaogopa Barafu, yeye ni vyote viwili, kwa hiyo anakula mara nne. Kila mtu anajua hilo, lakini wengi wanadhani maana yake ni kukwepa Ice Beam tu. Tatizo kubwa ni Ice Shard. Pigo lenyewe ni dogo, nguvu 40, ila linatangulia. Ile 102 yote niliyoisifia haina kazi mbele yake. Nilipiga hesabu ya Weavile wa kawaida, naye ni wa Barafu, mwenye shambulizi kamili, hajashika kitu chochote mkononi, dhidi ya Garchomp asiyewekezewa uhai wala ulinzi. Kipande kile kimoja cha barafu kinaondoa kati ya asilimia 74 na 87 ya uhai. Sasa mpe Weavile kifaa cha kuongeza nguvu, au mwache Garchomp awe ameshakwaruzwa kidogo tu. Kwisha habari yake.

Halafu mwaka 2013 wakaja Fairy, aina mpya, na hao wakambadilishia maisha moja kwa moja. Wanampiga mara mbili, sawa, hilo angeweza kulibeba. Kinachouma ni kwamba pigo la Joka haliwagusi kabisa. Outrage inakufunga zamu mbili au tatu, huwezi kubadilisha pigo wala kumtoa, na ikiisha unabaki umechanganyikiwa. Mpinzani anaingiza Fairy wake kwa raha zake, wewe unapiga hewa, yeye anajipanga. Nikikutana na mtu bado anaweka Outrage kwenye Garchomp siku hizi, nafurahi. Tafadhali endeleeni.

Na ile spidi? Dunia imekimbia. Dragapult ana 142, Chien-Pao 135, na Chien-Pao huyo ni wa Barafu. Flutter Mane naye 135, na ni Fairy. Yaani wanaomtangulia ndio hao hao wanaommaliza.

Kuna Mega Garchomp pia, umbo lake la muda la katikati ya pambano, wa kwenye X na Y, na naomba nipite haraka kwa sababu ananikera. Shambulizi likapanda hadi 170, ambayo ni namba ya kutisha, halafu spidi ikashushwa hadi 92. Walichukua kitu kimoja kilichomfanya awe yeye wakakiuza kununua misuli ambayo hakuihitaji. Wachezaji wengi waliendelea na yule wa kawaida mwenye kifaa mkononi. Tuendelee.

Sasa mtaniuliza, kama hali ndiyo hiyo, mbona umemleta? Kwa sababu nadhani tunamtumia vibaya. Tumezoea kumwona mshambuliaji, kwa hiyo tunampa Swords Dance ya kupandisha shambulizi, tunasali asikutane na Barafu, tunaenda. Hiyo bado inafanya kazi siku moja moja, hasa ukiwa na Scale Shot, pigo la Joka, inayomwongezea spidi huku ikimpunguzia ulinzi. Ila Garchomp ninayemwamini mimi ni mwingine kabisa.

Mpe EV 252 za uhai, afike 420. Zilizobaki nyingi peleka kwenye ulinzi. Uwezo wake uwe Rough Skin, mkononi ashike Rocky Helmet, kofia ya mawe. Rough Skin inamkata anayemgusa sehemu moja ya nane ya uhai wake, na kofia inamkata moja ya sita. Jumlisha: karibu asilimia 29 kila anapomgusa, na wewe hujabonyeza kitu. Mtu akija na U-turn, pigo la kupiga na kutoka, kukukimbia, analipa. Akija na Rapid Spin kukufagilia mawe uliyotandaza, analipa pia, na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu mapigo yenyewe unampa Stealth Rock na Spikes (mawe na miiba ya kutandaza upande wa mpinzani), Earthquake na Dragon Tail. Unatandaza, unamfukuza aliyepo mbele yako kwa Dragon Tail, anayeingia anakanyaga mawe. Charizard peke yake anapoteza nusu ya uhai kwa kuingia tu uwanjani.

Mnyama huyu ana kinga dhidi ya Umeme, anastahimili Moto, Sumu na Mwamba, kwa hiyo nafasi za kuingia anazo nyingi. Kasoro yake hapa ni moja na ni kubwa: hana njia nzuri ya kujiponya. Ana Rest tu, na kumlaza mtu wa kazi hii zamu mbili ni kumtoa mchezoni. Kila jeraha linabaki. Ukimwingiza ovyo mara tatu nne, mawe ya mpinzani na mapigo madogo madogo yanamla, na siku utakayomhitaji atakuwa na uhai wa kikombe. Na jihadhari na kuunguzwa, maana shambulizi lake linabaki nusu.

Ushindani wake mkubwa kwenye kazi hii ni Landorus-Therian, na lazima niwe mkweli. Landorus anatandaza mawe pia, ana Intimidate ya kumpunguzia mpinzani shambulizi, ana U-turn, na Ardhi haimgusi. Barafu inampiga mara nne vile vile. Kama una nafasi moja tu na hujui uweke nani, mara nyingi jibu ni Landorus. Garchomp namchukua pale ninapohitaji ile ngozi ya kuchoma, ile 102 dhidi ya 91 ya mwenzake, au mtu wa kusimama mbele ya Moto, ambao Landorus hastahimili.

Kwenye Scarlet na Violet kuna Tera pia, yaani kumgeuza aina katikati ya pambano. Mgeuze awe Chuma: Barafu, Joka na Fairy, vyote vitatu vilivyokuwa vinamuua, sasa anavistahimili. Ila kinga ya Umeme inaondoka, na Ardhi, Moto na ngumi za Fighting zinakuwa adui wapya. Igeuze siku Weavile amekaa mbele yako anacheka.

Kwa wanaocheza wawili wawili, neno moja. Earthquake inampiga na mwenzako. Mimi nilishamuua mwenzangu mwenyewe kwenye mechi niliyokuwa nimeshashinda, mpinzani akabaki anaangalia tu. Mweke na mtu anayeruka, au tumia Stomping Tantrum, nguvu 75, inampiga mmoja unayemtaka.

Alama yangu: kama mshambuliaji, sita na nusu. Kama mtandaza mawe mwenye ngozi ya msasa, nane na nusu, na hiyo nusu nimempa kwa ajili ya kila Great Tusk aliyekuja kuzunguka na Rapid Spin mbele yake akaondoka anachechemea.