Kliniki ya kemo Nyali: daktari anaelezea vizuri sana, stoku ya dawa ndio shida

Hii ni kliniki ya kansa ya binafsi huku Nyali, Mombasa, jina naliacha manake nina malalamiko pia. Khalati yangu, dadake mama, anatibiwa hapo kansa ya matiti na mimi ndio nampeleka kutoka Likoni, na kilichonifanya niandike ni vile yule daktari anavyomweleza mgonjwa.

Khalati alianzishiwa ile dawa nyekundu, doksorubisini, pamoja na siklofosfamaidi, kila baada ya siku 21. Nesi wao yuko makini mashallah, dawa nyekundu anaisukuma mwenyewe kwa sirinji polepole macho yakiwa kwenye mshipa tu, kwa sababu ikivuja inaunguza nyama, na alimwambia mapema mkojo utatoka mwekundu asishtuke. Mwanzo uvimbe ulipungua vizuri, halafu ukasimama, halafu skani ikaonyesha unakua tena. Nyumbani kila mtu na lake, huyu anasema dawa ni feki, yule anasema mwili ushazoea kemo bora atafutiwe miti shamba.

Daktari alituketisha akatueleza bila haraka. Mwili haujazoea kitu, zilizogeuka sugu ni seli za kansa zenyewe. Uvimbe una mamilioni ya seli na hazifanani, nyengine huwa ni sugu hata kabla ya dripu ya kwanza, sasa dawa ikiua zile dhaifu, hizo zinabaki zinazaana. Na njia zao ni nyingi, kuna zinazorekebisha DNA iliyovunjwa na dawa, kuna ambazo jeni ya p53 inayoiamuru seli ife ikiharibika imeshaharibika yenyewe, na kuna zenye pampu kwenye utando wa seli, inaitwa P-glaikoprotini, imejulikana tangu 1976, dawa ikiingia inatolewa nje. Khalati, ambaye mumewe ni mvuvi, akasema aah, kama kufua maji ya dau kwa upo. Ndio hivyo hivyo mama, daktari akamwambia.

Khalati akauliza, sasa si muizibe hiyo pampu? Hapo ndio nilimpenda yule daktari, hakumpa matumaini ya uongo. Akasema walijaribu tangu miaka ya 1980, hata kwa verapamili hii dawa ya presha, kwenye maabara ikafanya kazi lakini kwa mtu dozi inayohitajika inaumiza moyo, na pampu hiyo hiyo inalinda ubongo na matumbo yetu. Akambadilishia karboplatini, ambayo pampu hiyo haiitoi, akasema wazi kwamba hata hiyo seli zinaweza kuizoea, kwa hivyo watapima tena mapema.

Malalamiko sasa. Wiki moja tulifika tumeshatoa damu, majibu mazuri, tukaambiwa dawa haijaja turudi wiki ijayo. Wallahi niliumia, mtu anafunzwa kwamba kuchelewesha dozi ni kuzipa seli nafasi ya kuota tena halafu wao wenyewe wanachelewesha! Wanaweza kupiga simu siku moja kabla, wana namba zetu. Mambo ya foleni na AC kali siyahesabu sana, beba leso nzito tu.

Ukienda, piga simu wewe kwanza uulize dawa yako ipo kabla hujavuka feri, na ingia na mtu wa kuandika, manake daktari anaongea mengi ya maana na mgonjwa amechoka.