Boti ya Kukodi Kutoka Wesha Hadi Misali: Je, Inafaa kwa Kazi ya Kupima Bahari?

Tathmini hii inahusu boti ya faiba yenye mashine moja, ambayo niliikodi mara nne katika msimu wa kaskazi uliopita, kutoka bandari ya Wesha, Pemba, hadi kisiwa cha Misali, kwa kazi ya kupima joto la maji na kukagua hali ya matumbawe. Mwenye boti simtaji, kwa kuwa nina malalamiko pia, na hayo nimekwisha kumweleza ana kwa ana. Malipo yalikuwa shilingi laki mbili kwa siku, pamoja na petroli, nahodha na baharia mmoja. Kiingilio cha hifadhi hulipwa mbali.

Mtalii akifika Misali saa tatu au saa tano, kwake bahari ni ileile. Kwa mpimaji sivyo. Siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hupwa na kujaa kupita kawaida, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4, kwa hiyo tumbawe ulilolitazama asubuhi maji yakiwa ya kiunoni, jioni hulifikii bila kupiga mbizi. Tena kipimo cha safari moja hakina maana pasipo kurudi palepale: tepu ya mita 50 hulazwa juu ya mwamba kwa mstari uleule, kisha huandikwa kilicho chini yake, kama ni tumbawe hai, lililokufa, mwani au mchanga. Ukikosea kwa mita ishirini umepima mwamba mwingine, na mabadiliko utakayoyaandika yatakuwa ya nanga yako, si ya bahari.

Hapa ndipo nahodha huyu alipostahili kila shilingi. Safari ya pili kifaa changu cha setilaiti, kinachoonyesha mahali tulipo, kiliishiwa betri, nami nikaihesabu siku kuwa imepotea. "Usishughulike, mwalimu," aliniambia, kisha akaisogeza boti taratibu mpaka mti mmoja mrefu wa Misali ukasimama sawa na kilima cha Pemba nyuma yake. Baharia alipozama alikuta chuma chetu cha alama, kilichofungwa kipima joto, pima mbili tatu tu kutoka tulipo. Nanga nayo hakuitia juu ya matumbawe hata mara moja. Alitafuta mchanga, akaachia kamba ndefu.

Kipima joto hicho huandika kila nusu saa, na kukipoteza ni hasara kubwa. Joto likipanda digrii moja tu juu ya kawaida ya miezi ya joto, likadumu wiki kadhaa, matumbawe hutoa vijimea vinavyoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe; joto lisiposhuka, hufa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, Misali ilipoumia vibaya, mwaka uleule iliotangazwa kuwa eneo la hifadhi, na joto likarudi tena mwaka 2016. Watafiti wanapatazama sana mahali hapa kwa sababu mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya kisiwa hicho na bara, una kina cha mamia ya mita, ilhali ule wa Unguja ni wa makumi tu, na maji ya baridi yakipanda kutoka chini huweza kuyapoza matumbawe yaliyo ukingoni.

Sasa malalamiko. Safari ya tatu, siku ya bamvua, tulikubaliana kuondoka saa moja asubuhi. Boti ilifika saa tatu na nusu, kwa kuwa ilitumwa kwanza kupeleka wageni. Tulipofika maji yalikuwa yameanza kujaa, na nusu ya tepu zetu zilirudi Wesha zikiwa kavu. Siku hiyohiyo dumu la petroli lilivuja ubavuni mwa sanduku la sampuli, tukamwaga chupa sita za maji yaliyokwisha kunuka. Aidha, makoti ya kujiokolea yalikuwa manne, nasi tulikuwa watano.

Nitaikodi tena, kwa masharti ambayo mwenye boti ameyakubali: siku za bamvua asichukue kazi nyingine kabla ya yangu, petroli ikae tezi (nyuma) na chupa zikae omo (mbele), na koti la tano linunuliwe. Anayetaka kwenda kuogelea tu na kurudi alasiri hana la kuhofia ila hilo koti. Boti ni imara, na hata kaskazi ikivuma haituingizii maji.