Nililipia SEO, mpunga wangu ukageuzwa wali

Mama mwenye mashine ya kukoboa pale Igurusi, Mbarali, alinisomea ukurasa wa tovuti yangu kwa sauti, mbele ya vijana wake wa kubeba magunia, mimi nimesimama na begi mgongoni hata sijaketi. “Hifadhi wali wako salama na ufuatilie wali wako popote ulipo.” Akanyanyua macho kutoka kwenye simu. “Mwanangu, wali? Hapa kuna mpunga. Wali nimeuacha nyumbani kwenye sufuria.” Vijana wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelipa shilingi 250,000 kila mwezi kwa miezi mitatu ili niandikiwe sentensi hiyo.

Ndiyo maana naandika. Kama una kampuni changa ya programu, uwe Mbeya, Iringa au Njombe, na mtu amekufuata akakwambia atakupandisha kwenye matokeo ya Google upate wateja wa mwanzo, kazi wanayoiita SEO, usimpe hela. Huo ndio msimamo wangu leo. Yapo mambo yanayonifanya nisite na nitayasema pia, kwa sababu sitaki kumdanganya mtu.

Mimi na mwenzangu tulitengeneza mfumo wa kuweka kumbukumbu za maghala ya mpunga. Anayeijua Usangu, bonde letu la mpunga, anaijua shida yenyewe. Mkulima analeta magunia mashineni, anayaacha hapo akisubiri bei ipande. Anarudi kuchukua mawili ya ada ya shule, anarudi tena kuchukua moja la msiba, na yote hayo yako kwenye kaunta buku lililolowa jasho na kuchanika pembeni. Siku ya kukoboa mkulima anasema aliweka 40 na yanapaswa kubaki 37, daftari linasema 33. Hapo ni ugomvi mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Mfumo wetu unamtumia mkulima ujumbe kila gunia linapoingia na kila linapotoka, hata kama ana simu ya kitochi.

Hela ya matangazo ya redio hatukuwa nayo. Kuzunguka kila mashine kuanzia Igurusi, Chimala hadi Ubaruku kwa nauli ya mfukoni kulitumaliza. Ndipo nikaandika mwenyewe ukurasa mmoja kwenye tovuti yetu, kabla ya huu wa wali.

Nataka niueleze vizuri kwa sababu ndio ulioniuma. Nilikaa siku mbili kwenye mashine ya huyo mama nikinakili maswali anayoulizwa na wakulima na maneno anayojibu. Kisha nikaandika jinsi ya kutunza daftari la ghala la mpunga bila kugombana na watu. Nilichora safu zote: tarehe, jina, yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki, sahihi ya mwenye mali. Nikaweka na habari ya kukoboa, kwamba kilo 100 za mpunga uliokauka vizuri, kwenye mashine nzima, hutoa kama kilo 60 hadi 65 za mchele, kwa hiyo mkulima anayesubiri 80 aelezwe kabla mpunga haujaingia mashineni. Mwishoni kabisa sentensi moja tu: ukichoka na daftari tuna mfumo, piga namba hii.

Baada ya majuma kadhaa nikafungua Google Search Console, ile huduma ya bure inayomwonyesha mwenye tovuti watu wameandika maneno gani mpaka wakamwona. Mikono ilinitetemeka. Mtu ameandika “daftari la ghala la mpunga”. Mwingine “kilo 100 za mpunga zinatoa mchele kiasi gani”. Mwingine “jinsi ya kuzuia wizi wa magunia store”, na hilo “store” amelichanganya hivyohivyo kama tunavyoongea. Walikuwa watu 30 au 40 kwa mwezi. Wachache, najua. Lakini katika hao 11 walipiga simu, na watatu wakalipa: mmoja Ubaruku, mmoja Kyela, na mmoja Ifakara, mtu ambaye mpaka leo hatujawahi kuonana naye uso kwa uso. Sisi tulikuwa na wateja sifuri. Watatu walikuwa kila kitu.

Hapo ndipo tukasema, kama ukurasa mmoja umeleta watatu, tukimpa mtaalamu hizo kurasa si atatuletea 30 kabla ya mavuno? Tukaenda kwenye ofisi moja ya masoko ya mtandaoni hapa mjini. Wakatuahidi namba moja Google ndani ya siku 30. Baadaye sana nikasoma maelekezo ya Google wenyewe: hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia namba moja, na kwa kawaida kazi hii huchukua miezi minne hadi mwaka ndipo uone faida. Yamewekwa wazi kabisa, bure, kila mtu anaweza kuyasoma. Hawa watu wanayajua, na bado walitutazama machoni wakasema siku 30.

Sasa sikilizeni walichofanya. Walikuwa na zana yao ya kupima maneno. Wakaandika “daftari la ghala la mpunga”, zana ikaonyesha sifuri. Wakaandika maneno ya Kiingereza ya programu za maghala ya mchele, zana ikaonyesha idadi. Wakahitimisha kuwa Kiswahili hakitafutwi. Nikawaonyesha simu yangu, hii hapa Search Console, watu hawa wapo, wametafuta, wamebonyeza! Zana zile zinakisia tu. Neno likitafutwa na watu wachache mara nyingi zinaweka sifuri, na maneno ya Kiswahili ya huku kwetu ndiyo yanayoangukia humo. Search Console yenyewe inahesabu jinsi tovuti yako ilivyoonekana na kubonyezwa kweli kwenye Google. Hawakutaka hata kuishika ile simu.

Wakaandika kurasa mpya kwa Kiingereza, kisha wakazipitisha kwenye mashine ya kutafsiri ili ziwe na Kiswahili. Kiingereza cha kila siku hutumia neno moja, “rice”, kwa vitu ambavyo sisi tuna majina matatu. Mpunga uko shambani na ghalani, mchele umetoka kukobolewa, wali umeiva uko sahanini. Mtoto wa darasa la kwanza Mbarali hawezi kukosea hapo. Mashine iliandika wali kila mahali, ghala la wali, magunia ya wali, “wakulima wa wali”, na ofisi nzima ya watu waliozaliwa na kulishwa wali huo hakuna aliyesoma hata ukurasa mmoja kabla ya kuuweka hewani.

Ukurasa wangu wa daftari wakaufuta. Sababu yao, “mrefu na hauna maneno muhimu”. Mpya wakaziweka kwenye anwani nyingine, na ile ya zamani hawakuielekeza kokote. Kwa asiyejua: ukibadilisha anwani ya ukurasa, unaweka maelekezo ya kudumu, yale ya 301, ili msomaji na Google wapelekwe mahali papya. Ni kazi ya dakika tano. Bila hayo, mtu wa Kyela akibonyeza anakuta 404, yaani ukurasa haupo, anadhani tumefunga kampuni, anaondoka. Google nayo ikija na kukuta hakuna kitu, taratibu inautoa ukurasa kwenye orodha yake.

Simu zilikata. Mwanzoni tulifikiri ni mtandao. Mavuno yalikuwa yameanza, malori yanapishana barabarani, huo ndio wakati pekee wa mwaka ambao mwenye mashine anateswa na daftari lake na yuko tayari kumsikiliza mtu. Na sisi simu kimya. Nikafungua Search Console, mstari umeanguka mpaka chini.

Nikapiga simu ofisini kwao. Nilimsalimia bosi wao vizuri, nikamwita kaka, nikamweleza polepole habari ya wali na ya anwani. Akanijibu hivi, na maneno haya nimeyashika: “Wewe endelea na programu zako, haya mambo tuachie wenyewe. Halafu hao wateja wako wa kijijini hawagugo. Wanagugo saa ngapi, wakiwa wamebeba magunia?” Nikamwambia mteja wetu wa Ubaruku alitupata Google, yuko hai, nikupe umuulize? Akasema hiyo ni bahati tu, akakata. Nikapiga tena, akapokea dada mmoja akasema bosi yuko kikaoni. Jioni ikaingia meseji: tulipie mwezi wa nne ndipo waanze marekebisho.

Nimeisoma meseji hiyo mara nyingi. Hela inauma, lakini kinachoniuma zaidi ni lile neno lake kuhusu watu wa mashine. Yule mama ana simu janja tangu kabla sijamaliza chuo. Anatazama bei za mchele za Dar es Salaam kila asubuhi akiwa na chai mkononi. Huyo ndiye “hawagugo”.

Sasa nisimame kidogo, niwe mkweli. Kuna mawili waliyafanya sawasawa. Walipunguza uzito wa picha zetu, na tovuti ikawa inafunguka haraka hata Igurusi mtandao ukiwa unasuasua. Na walituandikisha kwenye ramani ya Google, jambo ambalo ni bure, na mpaka leo wapo watu wanaotufikia ofisini kwetu Soweto, hapa Mbeya, kwa kuifuata ramani hiyo. Kwa hayo mawili siwezi kusema hawajui kitu. Na niliposema juu usimpe mtu hela, pengine nimezidisha. Mtu anayeweza kukukagulia tovuti, akaona ukurasa upi umezibwa usisomwe na Google, anwani ipi imevunjika, picha ipi nzito, huyo mlipe. Kazi hiyo ipo na ina thamani. Basi ofisi ile naipa nyota mbili.

Lakini ngoja. Majuzi nikaanza kukagua viungo, yaani zile link za tovuti nyingine zinazoelekea kwetu, nikakuta mamia, vyote kutoka tovuti za kamari na za dawa za kupunguza mwili za nchi ambazo hata kuzitaja siwezi. Walivinunua kwa hela yetu! Google ilianza kuwabana wenye mchezo huo tangu 2012 kwa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, na kununua viungo ili upande kumeandikwa kwenye kanuni zao kuwa ni udanganyifu. Mwaka 2024, mwezi Machi, wakaongeza kanuni dhidi ya kurasa zinazofyatuliwa kwa wingi bila faida kwa msomaji, na nikikumbuka zile kurasa za wali zilikuwa 60. Kwa hiyo 750,000 imeninunulia mavuno yaliyopotea na hatari ya kuadhibiwa juu yake. Nawanyang'anya zile nyota mbili. Sitoi hata moja.

SEO yenyewe, hata hivyo, siiachi. Inaleta wateja, nimewaona, wamelipa, majina yao yako kwenye kitabu chetu. Ukiwa huna mtaji ni njia nzuri mno, kwa sababu anayetafuta “jinsi ya kuzuia wizi wa magunia” tayari ana shida, hajasumbuliwa na tangazo lako. Ila maneno yake ukayachukue pale anapoyasemea, mashineni, dukani, kwenye chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS). Na uthibitisho wa umiliki kule Search Console uwe kwa jina lako, anwani ya tovuti iwe kwa jina lako, na nakala ya kila ulichoandika ibaki kwako. Mimi nakala niliiokota kwenye simu ya mwenzangu. Bila hiyo ukurasa ule ungekuwa umekwenda.

Nimeurudisha, kwenye anwani yake ileile ya zamani. Kurasa zote za wali nimezifuta, nikaielekeza anwani yao kuu kwenye ukurasa wa daftari, kisha nikaomba Google waje kusoma upya. Majuma mawili hakuna kitu. Wiki iliyofuata mtu mmoja, kisha watatu. Nilimpigia mama wa Igurusi kumwambia, akataka nimsomee sentensi ya kwanza kwenye simu. Nikasoma. “Enhe, mpunga,” akasema. “Sasa hapo unaongea.”

Juzi usiku kwenye ile orodha pameingia swali jipya, limeulizwa mara saba: “gunia la mpunga lina kilo ngapi”. Jibu lake si moja, inategemea gunia lenyewe na inategemea kama limejazwa lumbesa. Sitaki kuandika namba ya kukisia. Nimemuuliza mama, ameniambia mzigo wa Chimala unaingia kwake Jumamosi asubuhi, niwahi kosta ya kwanza Uyole na nije na mizani yangu, kwa sababu yake wakulima hawaiamini.