Kuchoma CD-R kwa sesheni: wodim au xorriso?

SACCO ya Mbarara inayohifadhi hesabu za kila mwezi kwenye CD-R moja, kila mwezi ukiwa sesheni (awamu moja ya kuchoma) yake, ina njia mbili kwenye Linux.

Ya kwanza ni jozi ya genisoimage, inayotengeneza faili la ISO, na wodim, inayolichoma kwenye diski. Sesheni ya kwanza huchomwa kwa `wodim -multi dev=/dev/sr0 januari.iso`. Mwezi unaofuata, `wodim -msinfo dev=/dev/sr0` hutoa namba mbili, na namba hizo huingia kwenye amri ya pili:

`genisoimage -R -J -C NAMBA1,NAMBA2 -M /dev/sr0 -o februari.iso februari/`

Kisha `februari.iso` huchomwa kwa wodim kama ile ya Januari. Hapa ndipo wengi huumia. Ukisahau `-M`, diski itaonyesha Februari peke yake. Januari bado imo, ila orodha mpya ya faili haiionyeshi. Ukisahau `-multi`, diski inafungwa na huongezi kitu tena.

Njia ya pili ni xorriso, programu inayofanya kazi zote mbili. Husoma orodha ya zamani yenyewe, na huiacha diski wazi:

`xorriso -dev /dev/sr0 -joliet on -map februari /februari -commit`

Itakataa kama diski imepachikwa, yaani mfumo umeifungua ili faili zake zisomwe. Tanguliza `umount /dev/sr0`. Kwa mhasibu asiyeishi kwenye terminali, hii ndiyo salama zaidi.

Nafasi hupotea sawasawa kwa zote: takriban MB 22 kwa sesheni ya kwanza, MB 13 kwa kila inayofuata. Kwa hiyo choma kwa mwezi, si kwa siku. Na kompyuta iwe kwenye UPS, kwani umeme ukikatika katikati ya kuchoma, mara nyingi diski haipokei sesheni nyingine.