Kamusi tatu, kivumishi kimoja: tunazipima kwa neno "nice"

Watazamaji wetu, karibuni. Leo tunachambua kamusi tatu za mtandaoni zinazoeleza maneno ya Kiingereza yalikotoka: Oxford English Dictionary, ambayo wengi huiita OED, Etymonline, na kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755, ambayo siku hizi inasomeka bure kwenye intaneti. Hatuzipimi kwa wingi wa maneno. Tunazipa zote kivumishi kimoja, "nice", tuone kila moja inakifanyia nini.

Kwa nini neno hili? Mtoto wa shule ya msingi analijua, na bado linaweza kumwangusha mtafsiri mzoefu. Fungua tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, Kitendo cha 4, Onyesho la 3. Brutus amemhukumu mtu aliyekula rushwa. Cassius, aliyeandika barua kumwombea mtu huyo, analalamika kwamba katika wakati kama ule haifai kila "nice offence" ishikiliwe na kusemwa. Ukiusoma mstari huo kwa Kiingereza cha leo, unapata "kosa zuri". Rushwa gani hiyo nzuri? Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia hii, toleo la kwanza likatoka 1963 na lililorekebishwa, Juliasi Kaizari, mwaka 1969. Kwa hiyo mstari huu ulimpitia mkononi. Maana yake hapo ni kosa dogo, lisilo na uzito.

Sasa swali la kuiuliza kamusi yoyote: je, inaweza kukutoa kwenye "kosa zuri" ikakufikisha kwenye "kosa dogo", na ikakuonyesha ushahidi?

Tuanze na Etymonline, kwa sababu ni ya bure na ndiyo wengi wenu mtaifungua kwanza. Andika nice kwenye kisanduku cha kutafutia. Unapata aya moja iliyoshiba. Neno liliingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 13 kutoka Kifaransa cha zamani, na Kifaransa kililitoa kwenye Kilatini, nescius. Ne- ni kikanushi, na scire ni kujua. Yaani asiyejua, mjinga. Ndiyo, watazamaji: neno ambalo leo Mwingereza anamsifia nalo jirani yake, lilianza kwa kumwita mtu mjinga.

Kutoka hapo Etymonline inakupangia safari. Kabla ya 1300, mwoga, mtu asiye na ujasiri. Mwishoni mwa karne ya 14, mtu wa kuchaguachagua, mwenye kinyaa, asiyeridhika upesi. Karibu na mwaka 1400, kitu laini, chororo. Miaka ya 1500, sahihi, makini. Mwaka 1769, cha kupendeza. Mwaka 1830, mtu mwema, mwenye kujali wengine. Karne zaidi ya 5 ndani ya aya moja, na zimepangika vizuri.

Hapa tusimame kidogo, maana watu huiona orodha hii wakadhani neno liliruka kama panzi. Ziangalieni hatua zake. Asiyejua huwa na haya, hujitenga. Anayejitenga huonekana anajivuta, hapokei kila kitu. Asiyepokea kila kitu ni mchaguzi. Mchaguzi anapambanua: anaona tofauti ndogo ambayo wengine hawaioni. Hapo ndipo neno linapovuka kutoka kwa mtu hadi kwenye kitu, kwa sababu kilichopita chini ya jicho la mchaguzi ni kitu kilichochambuliwa, na kilichochambuliwa kinapendeza. Na ile ya Cassius? Imechipuka kwenye tawi la ujinga. Jambo la kijinga ni jambo la kipuuzi, na la kipuuzi ni dogo, halistahili kelele. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa, kwani sisi wenyewe tunapuuza jambo dogo tukisema "mambo ya kijinga hayo".

Na ile hatua ya mwisho, neno kupoteza ukali wake likabaki sifa tu, tunaiishi kila siku. "Mambo?" "Safi." Nani anafikiria sabuni anapojibu hivyo?

Upungufu wa Etymonline ni huu: inakupa maana na mwaka, lakini nukuu ni chache. Kwenye safari niliyoisoma sasa hivi, "kosa dogo" haimo. Ukiwa na Shakespeare mkononi, utazunguka kati ya "makini" na "chororo" bila kupata jibu.

Tuingie OED. Kazi hii ilianzishwa 1857 na Philological Society ya London. Sehemu ya kwanza ilitoka 1884, ya mwisho 1928. Toleo la pili, la 1989, lina juzuu 20. Mtandaoni imekuwepo tangu 2000, na tangu mwaka huo inaandikwa upya kitomeo kwa kitomeo, yaani neno moja na maelezo yake yote, kisha linalofuata. Kazi hiyo ya kurekebisha ilianzia herufi M, si A, kwa hiyo maneno ya N kama hili yalifikiwa mapema. Ni jambo la maana kulijua, kwa sababu OED ni mchanganyiko: kitomeo kimoja kimeandikwa juzi, kingine bado kina sentensi za karne ya 19. Kabla ya kuamini tarehe yoyote, tafuta kwenye ukurasa pale inaposema kitomeo kilirekebishwa lini.

Ukifungua kitomeo, usikimbilie fasili. Nenda kwenye nukuu zilizo chini ya kila maana. Zimepangwa kwa miaka, ya zamani juu. Alama inayofanana na msalaba mdogo, †, ikikaa mbele ya maana, inakuambia maana hiyo imekufa. Kwa nice utaziona nyingi.

Sasa sehemu inayowakosesha watu wengi: kusoma tarehe. Herufi c mbele ya mwaka ni "karibu na". Herufi a ni "kabla ya". Kisha kuna tarehe mbili zikiwa pamoja, kwa mfano c1405 na kando yake, ndani ya mabano, c1387–95, ambayo utaikuta kwa Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14. Ya kwanza ni ya nakala ya mkono iliyobaki hadi leo. Ya mabano ni wakati mwandishi alipotunga. Mwanafunzi akichukua ya kwanza pekee, anamfanya Chaucer aandike akiwa kaburini, maana alifariki 1400.

Kosa la pili ni kuuchukua mwaka wa nukuu ya kwanza kama siku ya kuzaliwa kwa maana. Isomeni 1769 kama "tangu 1769 au kabla". Watu husema kwanza, kuandika kunafuata. Na hapa OED yenyewe ina udhaifu mkubwa. Wasomaji wake wa mwanzo walichota sana kwa waandishi mashuhuri. Shakespeare peke yake ana nukuu zipatazo 33,000 katika toleo la pili. Karne ya 18 iliguswa kidogo zaidi kuliko ya 16 na ya 19. Karne ya 18 ndiyo iliyozaa "nice" ya kupendeza! Kwa hiyo pale tunapohitaji ushahidi mzito zaidi, ndipo palipochotwa kidogo zaidi.

Pengo hilo Johnson anatusaidia kuliziba. Kamusi yake ya 1755, yenye vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa, 42,773, inaanza nice na usahihi wa kupambanua hadi chembe ndogo, kisha inaongeza kuwa usahihi huo unaweza kupita kiasi. "Ya kupendeza" haimo. Ukisoma picha za kurasa zake, kumbuka s ya katikati ya neno imechapwa kama f isiyo na mkato kamili. Usiitafute nice ya leo humo.

Miaka 60 na kitu baadaye mambo yamegeuka kabisa. Katika Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen, iliyotoka mwishoni mwa 1817, Henry Tilney anamtania Catherine kwamba neno hili sasa linasifia kila kitu: kitabu, siku, matembezi. Anasema labda mwanzoni lilihusu unadhifu na adabu tu. Hakufika mwanzoni, alifika katikati ya safari akadhani ndiyo mlango.

Bei. Etymonline na Johnson ni bure. OED, tangu ilipobadilishwa sura 2023, inakuachia ukurasa wa kwanza wa muhtasari, lakini kitomeo kizima pamoja na nukuu zake kinahitaji usajili. Mlioko Uingereza, msilipe kabla ya kujaribu namba ya kadi ya maktaba yenu ya umma, kwani nyingi zinakuingiza bure. Mlioko vyuoni, ulizeni mkutubi kama chuo kimesajiliwa, mkiwa na jina kamili la kamusi.

Uamuzi wetu: kwa mwalimu au mwandishi anayetaka tu kujua neno limetoka wapi, Etymonline inatosha na tunaipendekeza bila kusita. Kwa mtafsiri wa maandishi yaliyotangulia 1800, OED haina mbadala. Itumie hivi. Andika mwaka wa maandishi yako. Tafuta maana zenye nukuu ndani ya miaka 50 kabla na 50 baada. Jaribu kila moja ndani ya sentensi yako, hata zenye †, kwa maana huenda hiyo iliyokufa leo ndiyo iliyokuwa hai siku hiyo. Zikibaki mbili, ziache zote mbili kwenye rasimu. Wahariri wa OED wenyewe wameandika kwamba mifano mingi ya karne ya 16 na 17 ni vigumu kusema mwandishi alikusudia maana ipi.

Jaribuni na mstari huu. Mabepari wa Venisi, tafsiri nyingine ya Mwalimu Nyerere ya 1969, ya tamthilia ya Shakespeare The Merchant of Venice. Kitendo cha 2, Onyesho la 1 la Kiingereza. Portia anamwambia Mwanamfalme wa Morocco, aliyekuja kumposa, kwamba katika kuchagua, yeye Portia haongozwi tu na "nice direction" ya macho ya msichana. Si uongozi mzuri, si mdogo, si wa kijinga. Mwaka ni wa mwisho wa karne ya 16. Ni macho ya mchaguzi, yanayoona dosari na kukataa.