Riwaya za Star Trek: nilianza kwa ajili ya Uhura

Niliikuta juu ya turubai la muuza vitabu vya mitumba, imebanwa kati ya kamusi na vitabu vya uhasibu: Uhura's Song ya Janet Kagan, iliyotoka mwaka 1985. Kurasa zimekuwa rangi ya chai ya maziwa na gundi imekauka, ukiifungua sana unasikia mgongo ukilia. Niliinunua kwa sababu ya jina tu.

Uhura nilimjua kwenye televisheni, katika Star Trek, mfululizo wa miaka ya 1960 kuhusu safari za meli ya anga; yeye ndiye afisa wa mawasiliano melini. Jina lake limetokana na neno letu uhuru, na kuna kile kipindi cha 1967 ambapo mtambo uitwao Nomad unamfuta kumbukumbu. Akifundishwa kusoma upya, anakwama, na kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Siku ile niliruka kitini. Lakini vipindi vingi vilimwacha palepale, kifaa sikioni, akipokea ujumbe wa watu wengine.

Kwenye riwaya amesimama. Ana rafiki wa siku nyingi, Sunfall, wa jamii inayofanana na paka, na wamefundishana nyimbo za kwao. Ugonjwa unapoingia katika sayari ya Eeiauo na kuanza kuwapata binadamu pia, Uhura anang'amua kwamba zile nyimbo za kale zimehifadhi habari za walikotoka wahenga wa jamii hiyo, na huenda dawa iko huko. Meli nzima inafuata wimbo! Mimi nimelelewa na bibi aliyetaja ukoo wetu kwa nyimbo za kutwangia, kwa hiyo sura zile nilizisoma polepole, nyingine kwa sauti. Kasoro ninayoiona ni daktari Evan Wilson, mhusika mpya, ambaye anachukua nafasi kubwa mno kadiri safari inavyoendelea. Mara kadhaa nilijiuliza, Uhura yuko wapi?

Jambo lililonigusa zaidi nililijua baadaye. Jina la kwanza la Uhura, Nyota, halikutoka kwenye televisheni. Lilitoka katika kitabu cha William Rotsler cha 1982, na sinema ikalichukua mwaka 2009. Hata Sulu, rubani wa meli ile, aliitwa Hikaru kwanza na Vonda N. McIntyre katika The Entropy Effect, 1981. Kwa hiyo mtu akiniambia vitabu hivi ni makombo ya televisheni, simkubalii kabisa.

Nyingine nilizosoma: The Final Reflection ya John M. Ford (1984) inawaonyesha Waklingon, jamii ya kivita ya sayari nyingine, kutoka ndani ya nyumba zao. Kiingereza chake ni kigumu, nimeirudia mara mbili na sijutii. Yesterday's Son ya A.C. Crispin (1983) inaendeleza kipindi cha 1969, All Our Yesterdays. Kitazame kwanza, la sivyo hutaelewa uchungu wa Spock, afisa wa sayansi wa meli. Nakala yangu niliiagiza kwa muuzaji mmoja, ikafika bila kurasa 12 za mwisho, nami nikagundua usiku wa manane nikiwa nimefika penye utamu. Nililipa mara mbili kuumaliza mkasa ule.

Zile ndefu za miaka ya 2000 zimeshikana kama mnyororo hadi Coda, riwaya tatu za 2021, si za kuanzia. Anza na Uhura's Song, inajitegemea. Ikiwa ni ya mitumba, ifunue hadi ukurasa wa mwisho kabla hujatoa pesa.